Hakuna anayehesabu mafundo: mwili wa mnyama unavyorefuka na kujigawa pingili

Kila picha ya eksirei ya nyoka inaposambaa mitandaoni, maswali hurudi yale yale. Shingo yake inaishia wapi? Mkia unaanzia wapi? Mifupa yote hiyo aliipataje, na kwa nini sisi hatuna hata robo yake? Wapo wanaojibu kwamba nyoka ni shingo tupu, na wapo wanaosema ni mkia uliopewa kinywa. Mara mtu anamleta twiga, mwingine jongoo, na haichukui muda mazungumzo yanamfikia binadamu: je, ni kweli kwamba mtoto tumboni huwa na mkia?

Maswali haya yote yana mzizi mmoja. Wengi wetu tunadhani mwili hutengenezwa mzima ukiwa mdogo mno, kisha hutanuka kama puto mpaka utimie. Ingekuwa hivyo, nyoka angekuwa mjusi aliyevutwa. Lakini mwili haujengwi hivyo. Kwa wanyama wengi, sisi tukiwemo, kichwa na kifua cha juu hutangulia, na sehemu nyingine zote huongezwa kutoka nyuma, kipande baada ya kipande, mpaka nyenzo za kuongezea ziishe. Ukishalielewa hilo, nyoka, twiga na jongoo wanaanza kueleweka.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Kiinitete ni mnyama akiwa katika hatua zake za mwanzo kabisa, ndani ya yai au tumboni. Seli ni chumba kidogo cha uhai, na mwili wote umejengwa kwa seli. Jeni ni agizo lililohifadhiwa ndani ya seli. Tukisema jeni imewashwa, maana yake seli inalisoma agizo hilo na kutengeneza protini inayotakiwa. Pingili unaijua tayari: ni kipande cha mwanzi kati ya fundo na fundo. Wataalamu wa viumbe wamelichukua neno hilo hilo kueleza vipande vinavyojirudia mwilini, kama pete za mwili wa jongoo au mifupa ya uti wa mgongo.

Mfano wa mwanzi una mpaka wake, na ni vizuri kuujua mapema. Chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na mafundo yake yote yamekwisha kupangwa, yamebanana; baadaye hujivuta tu na pingili zikarefuka. Mgongo wa mnyama haufanyi hivyo. Wakati pingili ya kwanza inapotokea, ya mwisho haipo kabisa, hata kwa umbo la mchoro.

Kamba na kengele

Chukua yai la kuku lililoatamiwa kwa takriban siku mbili. Ukikitazama kiinitete kwa darubini utaona mstari katikati, na pembeni mwake vijivimbe viwili viwili, kushoto na kulia, vimepangana kama vifungo vya shati. Kila kijivimbe huitwa somiti. Bado si mfupa. Ni fungu la seli ambalo baadaye litatoa mfupa wa mgongo, ubavu, misuli ya mgongo na sehemu ya ngozi ya mgongoni. Ukiwa na subira ya kuendelea kutazama, utaona jozi mpya ikijitenga upande wa mkiani kila baada ya dakika 90. Haiwahi wala haichelewi.

Kipimo hicho cha dakika 90 kinatoka wapi? Fikiria mtu anayetembea kwa mwendo usiobadilika huku akiiachia kamba nyuma yake. Kuna kengele inayolia kila baada ya muda maalumu, na kila ikilia, yeye hupiga fundo. Akimaliza safari, kamba itakuwa na mafundo yaliyoachana sawasawa, ingawa hakubeba rula wala hakuhesabu chochote. Nafasi kati ya fundo na fundo imetokana na mwendo wake na muda wa kengele. Idadi ya mafundo imetokana na urefu wa safari na kasi ya kengele. Kengele ikilia harakaharaka, mafundo yatakuwa mengi na yatakaribiana. Kengele ikibaki ile ile na safari ikarefushwa, mafundo yataongezeka bila kukaribiana.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1976 na Waingereza wawili, Jonathan Cooke, mtaalamu wa viinitete, na Christopher Zeeman, mwanahisabati. Walisema lazima seli za kiinitete ziwe na saa ndani yake, na lazima kuwe na mpaka unaosogea kuelekea mkiani; saa na mpaka vikikutana, pingili inakatwa. Saa yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona. Ilipita miaka 21. Mwaka 1997, Isabel Palmeirim na wenzake katika maabara ya Olivier Pourquié huko Marseille, Ufaransa, waligundua jeni moja katika kiinitete cha kuku inayowaka na kuzima, inayowaka na kuzima, kila dakika 90. Muda ule ule wa jozi moja ya somiti! Binafsi naliona hili kuwa miongoni mwa matukio mazuri kabisa ya sayansi ya viumbe: hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi ikakutwa inadunda ndani ya yai.

Seli inajuaje saa? Njia yake ni nyepesi kuliko mtu anavyotarajia. Jeni inawashwa na kutengeneza protini. Protini hiyo, ikishajaa, inaizima jeni iliyoizaa. Lakini protini yenyewe ina maisha mafupi. Ikishaoza, jeni inabaki bila kizuizi na kuwaka tena. Ni kama tangi la maji lenye boya linalochelewa kidogo kufunga na kufungua bomba: maji yatapanda na kushuka, yatapanda na kushuka, bila mtu kuligusa. Seli jirani hupashana habari kwa kugusana, ili zote ziende pamoja, kama umati unaopiga makofi ambao baada ya muda hujikuta unapiga kwa mpigo mmoja.

Na mpaka unaosogea je? Ncha ya nyuma ya kiinitete hutoa kemikali zinazoziambia seli za karibu: subirini, msiwe kitu chochote kwanza. Ncha hiyo inavyozidi kurudi nyuma, seli zilizoachwa hupungukiwa na kemikali hizo, kama watu waliokuwa wakiota moto na moto ukahamishwa. Zikishapoa vya kutosha, mlio wa saa unaofuata huzikuta ziko tayari, na kundi zima hujitenga pamoja kuwa somiti.

Kuna jambo jingine hapa ambalo watu wengi hawalijui, nami hulipenda kwa jinsi lilivyo la werevu. Somiti moja haiwi mfupa mmoja. Kila somiti hugawanyika nusu mbili, na nusu ya nyuma ya moja huungana na nusu ya mbele ya ile inayoifuata kutengeneza mfupa mmoja wa mgongo. Misuli haihami hivyo. Matokeo yake mifupa na misuli hupishana kama safu za matofali ukutani, na msuli uliotoka katika somiti moja hujikuta umeshika mifupa miwili. Bila kupishana huko, kila msuli ungeshika mfupa wake peke yake, na mgongo usingeweza kupinda.

Kila mnyama na mdundo wake

Saa hii ipo kwa wanyama wenye uti wa mgongo waliochunguzwa, ila haidundi kwa kasi moja. Kwa samaki-pundamilia, samaki mdogo anayefugwa sana maabara, pingili moja huchukua kama nusu saa. Kuku, kama tulivyoona, dakika 90. Panya, takriban saa 2. Binadamu, takriban saa 5. Sisi tuna jozi zipatazo 44, na zinaanza kuonekana karibu na siku ya 20 baada ya yai kurutubishwa. Zidisha mwenyewe: 44 mara 5 ni saa 220, yaani siku tisa na kitu. Katika siku hizo chache mgongo wote wa mtu unapangwa, na mara nyingi mama bado hajajua kwamba ana mimba. Baadhi ya jozi hizo hazitabaki: za mwanzo kabisa zinaingia katika mfupa wa kisogo, na baadhi ya zile za mkiani hupotea. Ndiyo maana mifupa ya uti wa mgongo tunayohesabu baadaye ni kama 33.

Mwendo wa binadamu haukupimwa tumboni. Ulipimwa mwaka 2020 kwa seli zilizokuzwa kwenye sahani ya maabara. Katika kazi hiyo watafiti walichukua jeni ya binadamu inayoendesha saa, iitwayo HES7, wakaiweka ndani ya seli za panya. Mtu angetarajia saa ipunguze mwendo hadi ule wa binadamu. Haikupunguza kwa kiasi hicho. Ilibaki karibu na mwendo wa panya. Kumbe upole wa saa yetu haumo katika jeni ile. Umo katika seli nzima, ambamo protini hutengenezwa na kuoza taratibu zaidi. Baadaye, mwaka 2023, seli za wanyama wengine zililinganishwa, vifaru na ng'ombe wakiwamo, na ikaonekana kwamba kasi ya saa haiendi na ukubwa wa mwili. Mnyama mkubwa si lazima awe na saa ya polepole.

Sasa turudi kwa nyoka. Aina moja ya Marekani, Pantherophis guttatus, ilipohesabiwa ilikutwa na somiti zaidi ya 300, wakati panya ana kama 65. Saa ya nyoka huyo hudunda karibu kila dakika 100, si mbali na kuku au panya. Siri iko upande wa mtembeaji. Kiinitete cha nyoka hukua polepole sana, na kengele inalia mara nyingi kabla mwili haujasogea umbali mkubwa. Mafundo yanakuwa madogo na mengi. Juu ya hayo, tishu inayolisha ncha ya nyuma haiishi haraka kama kwa panya, kwa hiyo safari yenyewe ni ndefu.

Na shingo yake je? Saa huamua idadi ya pingili. Haiamui kila pingili iwe nini. Kazi hiyo ni ya jeni za Hox, ambazo huwashwa kwa zamu kutoka mbele kwenda nyuma na kuzipa pingili utambulisho: wewe ni wa shingo, wewe una ubavu, wewe ni wa mkia. Sehemu kubwa ya nyoka ni kiwiliwili chenye mbavu. Mkia wake unaanzia nyuma ya tundu analotolea uchafu, na kwa nyoka wengi ni sehemu ndogo tu ya urefu wote. Jeni mbili zina uzito mkubwa katika kugawa kiwiliwili na mkia: Oct4, inayorefusha kipindi cha kutengeneza kiwiliwili, na Gdf11, inayotoa amri ya kuhamia mkiani. Panya ambao Oct4 yao ilifanywa iendelee kufanya kazi kwa muda mrefu kuliko kawaida walipata viwiliwili virefu kupita kawaida.

Twiga ni hadithi ya kinyume. Shingo ile yote ina mifupa 7, sawa na yako, sawa na ya panya na ya nyangumi. Kilichorefuka ni kila mfupa, na kazi hiyo hufanyika baadaye, pingili zikiwa zimeshakatwa. Miongoni mwa mamalia ni wachache sana wanaoikiuka namba hiyo ya 7. Wanaojulikana zaidi ni nguva wa jamii ya manati na wale wanyama wa mwendo wa polepole wa misituni Amerika waitwao slothi. Ndege hawana sheria hiyo kabisa, kuku ana mifupa 14 shingoni. Kwa hiyo mnyama anaweza kuwa mrefu kwa kuongeza mafundo au kwa kutanua nafasi kati ya mafundo. Ni mambo mawili tofauti, na mabishano mengi huanza pale yanapochanganywa.

Kurefuka bila kunenepa

Nimesema mtembeaji anasogea, lakini sijasema anasogezwa na nini. Jibu linalokuja haraka ni kwamba seli zinazaana na kusukumana. Hilo lipo, ila kama lingekuwa peke yake kiinitete kingevimba pande zote. Lazima kuwe na kitu kinachoelekeza ukuaji upande mmoja.

Njia mojawapo ni seli kupenyezana. Fikiria watu waliosimama safu sita pana, kisha wakaambiwa wapite kwenye ujia mwembamba. Wa pembeni wanajipenyeza katikati, safu inakuwa nyembamba na msururu unarefuka, ingawa hakuna mtu aliyeongezeka. Viinitete vya chura hufanya hivyo waziwazi, na cha nzi wa matunda vilevile: utepe wa seli utakaokuwa mwili wake hurefuka zaidi ya mara mbili. Minyoo midogo ya Caenorhabditis elegans wana njia yao. Kiinitete chao hurefuka karibu mara nne bila seli za ngozi kuzaana, kwa sababu nyuzi zilizouzunguka mwili kama pete hujikaza na kuubana, nao unachomoza kwa urefu, kama udongo laini unaofinywa kiganjani.

Kwa samaki-pundamilia iligunduliwa mwaka 2018 kwamba tishu iliyo kwenye ncha ya mkia ni kama kimiminika. Seli zake zinapitana kwa urahisi. Kadiri zinavyoachwa nyuma kuelekea kichwani, zinabanana na kuganda, kama saruji. Kwa kuwa mbele pameshaganda, msukumo wote wa seli mpya unakwenda upande pekee uliobaki laini, nao ni mkiani.

Nzi, tandu na jongoo

Wadudu nao wana pingili, lakini tahadhari inahitajika. Yule aliyechunguzwa kuliko wote, nzi wa matunda, hafuati saa. Kiinitete chake kinapofikisha kama saa tatu tangu yai litagwe, mistari ya pingili 14 inachorwa kwa urefu wote karibu kwa pamoja, kama mtu aliyeifunua kamba yote mezani na kuipiga mafundo yote kwa mkupuo. Jeni zinazofanya uchoraji huo zilitambuliwa na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliochapisha kazi yao mwaka 1980. Mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis, aliyechunguza jeni zinazozipa pingili utambulisho.

Kwa sababu ya umaarufu wa nzi, watu wengi walidhani wadudu wote wako hivyo. Kumbe nzi si kielelezo cha wote. Wadudu wengi huongeza pingili kutoka nyuma, na mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kile kidudu chekundu kinachoharibu unga, Tribolium, kina jeni inayowaka na kuzima kwa mdundo, kama kuku.

Tandu wazima wana jozi za miguu kuanzia 15 hadi 191, na namba ya jozi kwa kawaida ni witiri. Miguu 100 kamili ingehitaji jozi 50, namba shufwa, kwa hiyo jina lake la Kiingereza, centipede, lenye maana ya "miguu mia", halimfai karibu tandu yeyote. Jongoo naye huendelea kuongeza pete kila anapojivua gamba baada ya kuanguliwa. Aliyevunja rekodi, Eumillipes persephone wa Australia, alitangazwa mwaka 2021 akiwa na miguu 1,306. Kabla yake hakuna jongoo aliyejulikana kufika 1,000.

Mkia wetu, na migongo iliyopinda

Sasa lile swali la mkia. Ndiyo, kiinitete cha binadamu kina mkia wa kweli kuanzia takriban wiki ya nne, wenye somiti ndani yake. Kufikia mwisho wa wiki ya nane umekwisha: seli zake nyingi hufa kwa utaratibu, na kilichobaki ni kifupa cha mwisho cha uti wa mgongo kinachouma tukianguka kwa makalio. Mwaka 2024 watafiti walieleza badiliko dogo katika jeni iitwayo TBXT, lililomo kwa binadamu na nyani wakubwa wasio na mkia. Panya waliowekewa badiliko la namna hiyo walizaliwa na mkia mfupi au bila mkia. Hayo hayamaanishi kwamba mtoto "anapitia usamaki" kisha "anapitia umjusi". Hapiti. Anachoshiriki na samaki na mjusi ni njia ya kujenga: kuanzia mbele, kurefuka nyuma, kukata pingili kwa saa.

Kuna suala linaloniuma zaidi ya la mkia. Mtoto akizaliwa na mgongo uliopinda, mara nyingi vidole humnyooshea mama: alibeba mzigo, alilala vibaya, aliinama sana. Mgongo uliopinda tangu kuzaliwa kwa kawaida hutokana na mifupa iliyokatwa vibaya katika zile siku chache za somiti. Mfupa mmoja unakuwa nusu, au miwili inashikana, na upande mmoja unakua kuliko mwingine. Kulala ubavu huu au ule hakuifikii saa iliyo ndani ya seli. Na migongo mingi inayopinda katika umri wa kubalehe haikutokana na somiti kabisa. Mifupa yake ilikatwa sawasawa.

Watu huchanganya pia hali hii na mgongo wazi, ambapo mfereji wa neva unaopita mgongoni haukufungika. Huo ni mchakato mwingine, unaokamilika karibu na siku ya 28, na kwa huo vidonge vya asidi ya foliki vinavyoanzwa kabla ya mimba hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Kwa familia chache, chanzo cha mifupa ya mgongo iliyovurugika kimeshapatikana katika jeni za saa yenyewe au za kukata pingili: HES7, LFNG, DLL3, MESP2. Seli za binadamu zilizotiwa hitilafu ya HES7 ziliwekwa kwenye sahani maabara, zikiwa na alama inayong'aa saa inapodunda, na kutazamwa usiku na mchana. Seli zenye afya zilimulika na kufifia kila baada ya saa 5 hivi. Zile zenye hitilafu hazikudunda.